Video Zetu, Kodeki Mpya na Jina la Lugha

Kuna pendekezo linalozunguka katika kitivo chetu: rekodi zote za hadithi na mihadhara tunazotaka kuweka kwenye intaneti zigeuzwe kuwa AV1, na matoleo ya zamani yafutwe ili kuokoa nafasi. Naunga mkono nusu ya kwanza, naipinga nusu ya pili, na nashangaa kwamba jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa lugha halijatajwa na yeyote.

Nianze na maneno, kwa kuwa yanachanganywa. Kodeki ni kanuni ya kubana picha na sauti ili zipite kwenye mtandao, kisha kuzifungua upande wa mtazamaji. Kasha ni faili inayobeba vyote pamoja: picha, sauti moja au kadhaa, maandishi ya chini na vitambulisho vyake. H.264, VP9 na AV1 ni kodeki. MP4, Matroska na WebM ni makasha. Anayesema "video yangu ni MP4" ametaja gunia, hajasema kama ndani mna mahindi au muhogo.

H.264 ilitoka 2003, na karibu kila simu inaifahamu. HEVC ya 2013, iliyotarajiwa kuirithi, ilikwama katika mabishano ya hataza, kwani wenye haki walijigawa makundi na kila kundi likadai malipo yake. Ndipo Google, Mozilla, Netflix, Amazon na wengine walipounda muungano mwaka 2015, na mwaka 2018 wakatoa AV1 bila kudai ada ya leseni. Mwaka 2020 Netflix ilianza kuitumia kwenye simu za Android kwa watazamaji waliochagua kuokoa data, ikisema inabana kwa ufanisi wa asilimia 20 kuliko VP9. Kwa mwanafunzi anayenunua mega za siku moja moja, hilo si dogo.

Lakini kubana zaidi kuna gharama, na lazima tuulize nani anailipa. Simu yenye chipu iliyotengenezwa kwa AV1 hufungua picha bila taabu. Chipu hizo ni za juzi tu: hata iPhone ilizipata kwa toleo la 15 Pro, mwaka 2023. Simu nyingine hutegemea programu kama dav1d ya VideoLAN, kazi ya ustadi mkubwa kwa kweli, ila mzigo wote hubebwa na kichakataji cha kawaida, na betri huisha upesi. Sisi ambao umeme hukatika jioni, wakati wenyewe wa kusoma, tunajua maana yake. Tena ziko simu kuukuu ambazo hazitaonyesha chochote. Basi tuweke matoleo mawili. Ukurasa unaweza kuorodhesha AV1 kwanza na H.264 baadaye, na kivinjari kikachukua la kwanza kinaloliweza. Rekodi asilia nazo zisiguswe, maana kila ubanaji wa namna hii hutupa kitu kisichorudi.

Sasa nije kwenye kasha. Chukua hadithi ya Mashi: sauti ni Mashi, maandishi ya chini ni Kiswahili na Kifaransa. Kila mkondo ndani ya faili una mahali pa kuandika lugha yake. Katika MP4 ya kawaida mahali hapo hupokea herufi 3 tu kutoka orodha ya ISO 639-2. Lugha zetu 4 za taifa zimo: swa, lin, lua, kon. Mashi haimo. Kinande hakimo. Fundi huandika und, yaani lugha isiyojulikana, hali msimulizi anajulikana hadi kijiji chake. Matroska imetuzidishia: mkondo usioandikwa lugha huhesabiwa kuwa wa Kiingereza. Bibi anasimulia kwa Mashi, na mashine inamsajili kuwa Mwingereza!

Dawa ipo. Makasha yote mawili sasa yana nafasi ya pili inayopokea vitambulisho vipana zaidi, na humo shr ya Mashi na nnb ya Kinande zinakubalika. Humo pia tunaweza kutofautisha Kiswahili chetu, na hapa ndipo walimu wetu wanapohitajika. ISO 639-3 inagawa swa katika sehemu mbili, swh ya pwani na swc ya Kongo, kana kwamba ni lugha mbili. Wengine huandika sw-CD, yaani Kiswahili kilekile, ila cha nchini kwetu. Kuchagua kati ya swc na sw-CD ni kutoa hoja ya isimu, nasi tumemwachia fundi wa kompyuta. Kwa maoni yangu mihadhara ya Kiswahili sanifu ipewe sw-CD, na mazungumzo ya sokoni Lubumbashi yapewe swc. Najua walimu wawili watakaonipinga, na ningependa kusoma hoja zao katika toleo lijalo.

Kuandika kitambulisho ni mstari mmoja wa amri kwa kila faili. Kujua kiandikwe nini kunahitaji mtu aliyesikiliza rekodi hadi mwisho, na anayeweza kusema pale msimulizi alipoacha Mashi akaingia Kiswahili. Watu hao ni sisi. Naomba ufutaji usimamishwe hadi orodha ya lugha za rekodi zetu itakapokamilika, nami niko tayari kuanza na kanda za Mashi.