Ufunguo Mmoja wa Milango Yote



Majuzi simu yangu ilichopolewa dirishani mwa daladala. Simu yenyewe haikuniuma kama yale yaliyokuwemo: maneno ya siri ya barua pepe, ya benki, hata ya shule ya watoto, yote nimejiandikia kwenye ujumbe mmoja. Najua siko peke yangu. Wengi wetu tunachukua jina la mtoto wa kwanza na mwaka aliozaliwa, tukafungulia milango yote kwa ufunguo huo.

Kijana wangu akanieleza kuhusu programu za kutunza maneno ya siri. Ni mfano wa kasha: unakumbuka neno kuu moja tu, mengine yamefungwa ndani. Nikafurahi, mpaka nilipoona bei. Nyingi hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, tena kwa dola. Sisi tuliozoea kununua sufuria mara moja tukaipikia miaka kumi, hili ni geni. 1Password zamani iliuzwa mara moja. Toleo lake la 8 halipatikani ila kwa ada. Mwaka 2021 LastPass iliwaambia watumiaji wa bure wachague simu au kompyuta, si vyote viwili.

Unalipia nini hasa? Sehemu kubwa ni ile nakala inayokaa kwenye kompyuta za kampuni. Ukibadilisha neno kwenye simu, na kwenye kompyuta linabadilika. Simu ikiibiwa, unaandika neno kuu kwenye simu mpya na yote yanarudi. Laiti ningekuwa nayo siku ile! Ila kasha lako linalala nyumba ya watu. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za makasha ya wateja wa LastPass. Maneno ya siri yalikuwa yamefumbwa, lakini anwani za tovuti hazikufumbwa, na mwenye neno kuu jepesi alibaki hatarini.

Mimi nimechukua KeePass, ya bure tangu 2003. Kasha lake ni faili unalolitunza mwenyewe, kwa hiyo kazi ya kunakili ni yako. Kila Jumamosi nikimaliza kufua nanakili kwenye flashi, nayo inakaa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kama huna subira hiyo, Bitwarden hulinganisha vifaa vyako vyote bila malipo.

Neno kuu la KeePass ukilisahau, hakuna wa kukufungulia. Jirani yangu alifiwa na mumewe, na hadi leo barua pepe ya marehemu, yenye karatasi za kiwanja, haijafunguka. Kwa hiyo neno langu nimeliandika, nikalitia kwenye bahasha, nikampa Baba Neema.

“Unaniamini hivyo?” akauliza akicheka.

Nikamwuliza la kwake liko wapi. Wiki ya pili sasa, bado anatafuta kalamu.