Nyasi Nyingi Si Malisho Mengi: Neno kwa Wanaogawa Ardhi ya Kijiji



Kila mwaka, mvua zinapokatika na mbuga zinapogeuka rangi, viongozi wa jumuiya zetu ndogondogo huanza kupokea habari zilezile: mifugo imeingia shambani, vijana wamekamatana kwa fimbo na mapanga, jirani hamwamkii jirani. Wapo wanaodhani kwamba haya ni mambo madogo ya vijijini yatakayokwisha yenyewe. Tukumbuke basi kwamba tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, uhasama wa wakulima na wafugaji uliishia katika mauaji ya watu 38.

Tangu hapo mikutano mingi ya upatanisho imefanyika nchini. Humo husemwa mengi kuhusu mipaka, fidia, ukabila na rushwa, na yote hayo yanastahili kusemwa. Lakini lipo swali moja ambalo ni nadra kusikika, ingawa ndilo chanzo cha safari yote ya mfugaji: ng'ombe anakula nini, na kile anachokula kinamfaa kwa kiasi gani? Mkulima, akionyesha pori lenye nyasi zinazofika kiunoni, huuliza: "Mwenzangu ana pori zima, anatafuta nini bondeni kwangu?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo ndani ya nyasi zenyewe, na asiyelijua hawezi kuwapatanisha hao wawili.

Tumbo lililojaa, mnyama mwenye njaa

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao la kwanza ni kama pipa kubwa ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho huzichachusha nyasi na kuzigeuza kuwa chakula. Twaweza kusema kwamba mchungaji hamlishi ng'ombe moja kwa moja. Hulisha kwanza vijidudu hivyo, navyo ndivyo vinavyomlisha ng'ombe. Ili vifanye kazi yao, vinahitaji protini.

Nyasi za nchi zetu za joto hukua upesi mno wakati wa mvua, nazo huzeeka upesi vilevile. Zikiwa changa, katika kila sehemu 100 za uzito wake mkavu huwa na sehemu 10 au zaidi za protini. Zikishachanua na kutoa mbegu, shina hukomaa na kujaa nyuzinyuzi ngumu, na sehemu ya virutubisho hurudi mizizini kungojea mvua nyingine. Kufikia katikati ya kiangazi, nyasi hizohizo, pale pale zilipoota, huenda zikabakiwa na sehemu tatu au nne tu. Wataalamu wa malisho wamebaini kwamba protini ikishuka chini ya sehemu 7 hivi, vijidudu vya tumboni hudhoofika, chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na mnyama hupunguza kula hata kama nyasi zimemzunguka pande zote. Ng'ombe wa kilo 250, ambaye kwa malisho mazuri angekula takriban kilo 6 za majani kwa uzito mkavu kila siku, hula pungufu sana ya hapo. Maziwa hukauka, ndama hudumaa, na majike hayashiki mimba kwa wakati.

Kwa hiyo pori lile la nyasi ndefu ambalo mkulima huliona kuwa ghala lililojaa, kwa ng'ombe wa mwezi wa Septemba ni karibu sawa na paa la nyumba. Si ajabu kwamba baadhi ya nyasi hizo ndizo tunazoezekea.

Mahali penye mvua nyingi na mahali penye mvua chache

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Mahali penye mvua nyingi nyasi huwa ndefu na tele, lakini aghalabu hupoteza ubora mapema. Mahali pakavu zaidi nyasi huwa fupi na haba, ila hubaki na lishe kwa muda mrefu zaidi. Nyumbu wa Serengeti hawakusoma somo hili darasani, lakini mvua zinaponyesha huelekea kuzalia katika nyanda za nyasi fupi za kusini-mashariki, ambako udongo wa majivu ya volkano huzipa nyasi madini yanayowafaa majike wanaonyonyesha. Na nyanda hizo zinapokauka huhamia kaskazini na magharibi kwenye maji na majani mabichi. Wafugaji wetu wa asili walikuwa na mwendo unaofanana na huo tangu zamani. Tunapowaita watu wasiotulia, yafaa kwanza tujiulize ni nani anayeweza kutulia mahali ambapo chakula chake kimegeuka kuwa makapi.

Hapo ndipo tunapofika bondeni. Katika miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba, mahali pekee penye majani ya kijani katika wilaya nyingi ni mabonde yenye unyevu na kingo za mito. Mahali hapo hapo ndipo mkulima anapotegemea mpunga, mboga na mahindi ya kiangazi, naye ana watoto wa kulisha na kusomesha. Wote wawili wana sababu ya kweli ya kuwapo pale. Basi inapotokea kamati ikagawa ardhi ya kijiji kwa kuhesabu hekta tu, ikawapa wafugaji hekta elfu moja za mlimani na wakulima hekta mia moja za bondeni, huonekana imewapendelea wafugaji mara kumi. Kumbe imewapa malisho ya miezi mitano na kuwanyima miezi saba. Mgawo wa namna hiyo ni ugomvi ulioahirishwa mpaka kiangazi.

Serikali nayo imewahi kuhamisha mifugo kwa kutazama nafasi kwenye ramani. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na wengi wao wakaelekezwa Lindi na Pwani. Kulinda maji ya Mto Ruaha Mkuu ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini kumpeleka mfugaji katika nchi ya nyasi ndefu na mbung'o, katikati ya wakulima wasiozoea mifugo, ni kuhamisha tatizo pamoja na watu wake.

Wajibu wa kila upande

Elimu hii haimpi mfugaji ruhusa ya kuingiza mifugo katika shamba la mtu. Anayelisha mahindi ya jirani usiku ameiba, na njaa ya ng'ombe wake haibadili jina la tendo hilo. Tena, wingi wa mifugo kupita kiasi huharibu ubora wenyewe tunaouzungumzia, kwa maana ng'ombe huchagua nyasi tamu kwanza. Zikiliwa bila kupumzishwa hufa mizizi, na mahali pake huota magugu yasiyolika. Mfugaji mwenye busara huuza baadhi ya mifugo kabla kiangazi hakijainyang'anya uzito.

Ipo pia hekima ya wazee. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la nyasi lisilolishwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Nao Wamaasai hutenga malisho ya ndama na wanyama dhaifu karibu na boma. Mkoani Shinyanga, baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi kuanza mwaka 1986, ngitili zilifufuliwa katika mamia ya vijiji. Kwa desturi hiyo twaweza kuongeza maarifa ya leo: kukata nyasi zinapoanza kuchanua na kuzianika, badala ya kungoja zikauke zimesimama; na kupanda mikunde na miti ya malisho kama lukina, ambayo majani yake yana protini nyingi na huongezwa kidogo kidogo kwenye nyasi kavu.

Mkulima naye asizibe njia za mifugo na za kwenda majini. Akubali, kwa mapatano yaliyoandikwa, mifugo ile mabua na majani ya kunde baada ya mavuno, naye apate samadi shambani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua mapatano ya wakulima na wafugaji kutumia ardhi kwa pamoja. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto vilikwenda mbali zaidi, vikapanga pamoja eneo moja la malisho liitwalo OLENGAPA, kwa kutambua kwamba nyasi hazifuati mpaka wa kijiji kimoja.

Kwenu viongozi wa walei, mnaoketi katika Halmashauri na Mikutano Mikuu ya vijiji, ombi letu ni hili. Mpango wa matumizi ya ardhi utakapoletwa mbele yenu, msiridhike na jumla ya hekta. Ulizeni: mwezi wa Septemba, majani ya kijani yatakuwa wapi? Njia ya kufika hapo inapita wapi? Nani atakata na kuhifadhi nyasi mwezi wa Mei? Mazao ya bondeni huvunwa lini, na mifugo iruhusiwe kushuka siku gani? Mkulima na mfugaji waulizwe wote wawili, wakiwa wameketi pamoja, na majibu yao yaandikwe. Ulizeni mapema, nyasi zikiwa bado changa na watu wakiwa bado wanaamkiana.