Mhandisi, fremu na asilimia 15

Shahada ya uhandisi nchini Tanzania husomwa kwa miaka minne, ilhali shahada nyingi za sanaa na biashara huisha kwa mitatu. Mwaka huo wa ziada ndio wa kuanzia hesabu, kwa sababu unaongeza mkopo na papo hapo unamnyima msomi mshahara wa mwaka mzima. Wahandisi wengi hutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973. Wengine hutoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), chuo kilichoanza mwaka 1957 kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Kariakoo. Ukaribu huo una maana yake. Si kila mhitimu anayetoka pale huelekea ofisini. Wapo wanaoishia kwenye fremu za vifaa vya umeme Gerezani na Msimbazi, na sheria ya mikopo haimtazami wa fremu kama inavyomtazama wa ofisini.

Kwanza deni lenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, fedha ambazo wanafunzi huziita bumu. Awali zilikuwa 8,500. Kwa siku 240 za mwaka bumu ni milioni 2.4, na kwa miaka minne ni milioni 9.6. Ikichukuliwa ada ya milioni moja na nusu kwa mwaka, milioni sita zinaongezeka. Vitabu, mahitaji ya kitivo na mafunzo kwa vitendo hufikisha jumla kwenye milioni 18 hivi kwa aliyepewa mkopo wote. Zaidi ya nusu ya fedha hizo ni chakula na kitanda, gharama ambazo kijana angekuwa nazo hata kama asingeingia chuo chochote.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiwango kilikuwa 8 hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipokipandisha, na manung'uniko ya wafanyakazi waliosaini mikataba ya asilimia 8 hayajasahaulika. Serikalini Mhandisi Daraja la II huanzia ngazi ya mshahara ya TGS E. Kwa wepesi wa hesabu, mshahara wake uwe milioni moja. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua 50,000, bima ya afya 30,000, kodi ya mapato 115,500 na Bodi ya Mikopo 150,000. Mkononi zinabaki 654,500. Kwa mwendo huo deni la milioni 18 linaisha kwa miezi 120, yaani miaka kumi, na muda utapungua kadiri mshahara unavyopanda.

Miaka michache iliyopita hesabu ilikuwa mbaya zaidi. Deni lilitozwa asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kutunza thamani ya mkopo. Juu ya milioni 18 hiyo ni 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwanzoni katika ile 150,000 ni 60,000 tu iliyopunguza deni, na miaka kumi ikawa zaidi ya kumi na mitano. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo Mei Mosi 2021, jijini Mwanza. Leo deni halikui, huku mfumuko wa bei wa asilimia tatu au nne kwa mwaka ukilipunguza thamani kimyakimya. Nchini Kenya, bodi ya mikopo ya HELB hutoza riba ya asilimia 4. Uingereza hutoza riba pia, ila haimkati mhitimu mpaka kipato chake kivuke kiwango fulani, na baada ya miongo kadhaa deni lililobaki hufutwa. Tanzania haina kizingiti cha namna hiyo: makato huanzia shilingi ya kwanza ya mshahara.

Deni likiwa nafuu kiasi hicho, mzigo uko wapi? Uko kwenye muda. Mfano mzuri ni fundi sanifu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akasoma stashahada ya miaka mitatu huingia kazini miaka mitatu kabla ya mwenzake aliyepitia kidato cha sita na shahada. Fundi sanifu akilipwa 600,000 kwa mwezi, mpaka mhandisi anahitimu atakuwa ameshapata milioni 21.6. Jumlisha mkopo wa milioni 18, pengo ni milioni 39.6. Mhandisi wa milioni moja hulifidia kwa tofauti ya 400,000 kila mwezi, kabla ya kodi, na humchukua miezi 99: miaka minane na robo. Si muda mbaya kwa kazi ya miaka thelathini na zaidi. Lakini hesabu hiyo inadhani ajira imepatikana siku ya kuhitimu. Kila mwaka wa kukaa mtaani unasogeza siku ya kufidia mbele kwa miaka miwili na nusu, na hakuna makato ya Bodi yanayoweza kuumiza kiasi hicho.

Hata anayepata kazi huenda asianze na mshahara kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, humtambua kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili afike kuwa mhandisi mtaalamu anahitaji uzoefu chini ya usimamizi, na mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 2003 ni wa miaka mitatu, ambayo wengi huishi kwa posho. Bodi ya Mikopo inampa mhitimu nafuu ya miaka miwili kabla ya kuanza kudai. Mtu anadaiwa kabla hajaruhusiwa kusaini mchoro kwa jina lake. Bodi hizo mbili ni za serikali moja, na kuoanisha miaka hiyo hakuhitaji fedha nyingi.

Anayejiajiri ndiye mwenye hesabu ngumu kuliko wote. Sheria inamtaka alipe asilimia 10 ya mapato yanayotozwa kodi, isiyopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Kima hicho cha chini ni sawa na makato ya mwajiriwa wa mshahara wa 667,000. Mhandisi wa umeme anayeuza nyaya na paneli za sola Gerezani hulipa kodi ya fremu kwa miezi kadhaa kwa mkupuo, na kabla ya hapo huenda alitoa kilemba kwa aliyemwachia nafasi. Mwaka wa kwanza mtaji wake wote umelala kwenye bidhaa, na Januari wateja wanalipa ada za shule. Mwajiriwa asiye na mshahara hakatwi. Wa fremu asiye na faida anadaiwa 100,000 yake vilevile. Isitoshe, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka hutozwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi ya makadirio kwa mauzo, si kwa faida. Hapo asilimia 10 ya mapato inakosa mahali pa kushika, na kima cha chini kinageuka kuwa ndicho kiwango chenyewe.

Soko la utaalamu wenyewe lina kasoro yake, na Kariakoo inaionyesha wazi kuliko mahali pengine. Eneo ambalo miaka ya 1970 lilijulikana kwa nyumba za chini na jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli sasa limejaa maghorofa. Kazi ya mhandisi pale ni tele, ila wapo wenye majengo wanaoona gharama ya mhandisi ni ya kukwepwa, na kwenye umeme vishoka, yaani mafundi wasio na leseni, hufanya kwa bei ambayo mwenye leseni hawezi kuifuata. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ukaguzi wa kudumu, wenye mhandisi anayelipwa na mwenye jengo kila baada ya miaka kadhaa, ungezaa ajira ambazo hazingoji mradi mkubwa kama reli ya SGR au bwawa la Julius Nyerere, miradi ambayo huajiri wengi kisha mikataba yao ikaisha pamoja na ujenzi.

Kwa upande wa mkopo, marekebisho yanayohitajika ni mawili na yote yamo ndani ya mamlaka ya Bunge: kuondoa kima cha 100,000 na badala yake kumkata aliyejiajiri asilimia ndogo ya mauzo yaleyale ambayo TRA tayari inayatumia, na kusogeza mwanzo wa marejesho ya mhandisi mhitimu mpaka miaka mitatu ya mafunzo iishe.