Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu umetutawala hata tumesahau kwamba kikuukuu nacho kina thamani yake. Chombo kikiharibika leo, wa kwanza kukitolea hukumu ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Fundi huitwa baadaye, kama ataitwa. Waama, tumewalea wanafunzi wetu wakiamini kwamba dawa ya kilichovunjika ni kununua kingine.

Nataka leo, mpenzi msomaji, nikusimulie habari za chombo kimoja kilichokataa kufa. Ni ndege ya kivita ya Uingereza ya aina ya Spitfire, yenye nambari ML407. Iliundwa mapema mwaka 1944 katika kiwanda cha Castle Bromwich, karibu na mji wa Birmingham, ikiwa na kiti kimoja tu cha rubani. Ndege za aina hiyo ziliundwa zaidi ya 20,000. Nyingi ziliangamia vitani, nyingine zikakatwakatwa na kuyeyushwa amani iliporudi. Zinazoweza kuruka hadi leo ni chache mno.

Mnamo tarehe 29 Aprili, 1944, ndege hii ilipelekwa kwa kikosi nambari 485 cha marubani wa New Zealand. Aliyeifikisha alikuwa binti mzaliwa wa Afrika Kusini, kwa jina Jackie Moggridge. Alikuwa mmoja wa marubani raia waliopewa kazi ya kuchukua ndege viwandani na kuzikabidhi kwa wapiganaji. Wanawake hawakuruhusiwa kupigana angani, lakini kazi hiyo waliifanya barabara. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Juni, majeshi ya Washirika yaliposhuka katika fuo za Normandy, rubani Johnnie Houlton aliirusha ML407 na kuangusha ndege ya Wajerumani. Hadi vita vilipomalizika, ilikuwa imekwenda vitani mara 176, ikipita mikononi mwa vikosi vya New Zealand, vya Wafaransa huru, vya Wapolandi, vya Wabelgiji na vya Wanorwe.

Baada ya vita, ilirudishwa kwa waundaji, ikatiwa kiti cha pili nyuma ya kile cha kwanza, na mwaka 1951 ikawa mali ya jeshi la anga la Ireland kwa ajili ya kufundishia marubani. Ilipostaafu kazi hiyo, iliuzwa mwaka 1968 kwa mtu wa biashara ya filamu; kisha ikaishia katika jumba la makumbusho la Strathallan, kule Scotland. Hapo ndipo mhandisi mmoja kwa jina Nick Grace alipoinunua mwishoni mwa mwaka 1979.

Alichokinunua hakikuwa ndege ya kupanda na kuondoka. Grace alitumia zaidi ya miaka mitano kuijenga upya. Kazi hiyo si ya kupaka rangi. Mhimili mkuu wa bawa la Spitfire si chuma kimoja, bali ni mabomba ya mraba yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Mabati yake ya alumini hushikiliwa na ribiti nyingi, na ribiti za kale huliwa na unyevu kutoka ndani, hata bati likaonekana zima kumbe limeoza. Fundi hana budi kufungua, kukagua, kubadilisha na kufunga tena. Tarehe 16 Aprili, 1985, Nick Grace aliirusha, mkewe Carolyn akiwa katika kiti cha nyuma.

Hapa mwanafunzi hodari atainua mkono aulize: ikiwa mabati yamebadilishwa, ribiti zimebadilishwa na kiti kimeongezwa, je, hii ni ndege ile ile ya mwaka 1944? Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa kupima chuma peke yake. Jibu lake limo katika msemo mwingine wa wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vita vile, kila kikosi kiliandika ni ndege gani imeruka, nani aliiongoza, imeondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Kila ndege ilikuwa na kadi yake iliyoonyesha imehamishiwa wapi. Ndiyo maana leo twaweza kusema mara 176, wala si "mara nyingi". Bila maandishi hayo, ML407 ingekuwa bati kuukuu lisilo na nasaba. Mafundi waliirudisha hewani. Makarani ndio waliolihifadhi jina lake.

Aidha, matengenezo yale yalikuwa ya uaminifu. Grace alikibuni upya kifuniko cha kiti cha nyuma ili kiafikiane na umbo la ndege, lakini kiti chenyewe hakukiondoa. Ingawa imepakwa alama za kikosi cha New Zealand, kiti hicho kingali kinakiri kwamba ndege hii iliwahi kuwa mwalimu nchini Ireland.

Najua kuna msomaji atakayenung'unika: ndege ya vita ya mkoloni yatuhusu nini sisi? Manung'uniko hayo yana haki yake. Jeshi lile lile la anga lililosifiwa kwa kuiokoa Uingereza, ndilo lililodondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya miaka ya 1953 hadi 1955, likitumia ndege za aina ya Harvard na Lincoln. Simwombi mtu ayasahau hayo. Kinyume chake, nasema kwamba asiyetunza ushahidi ndiye husahaulishwa. Aliyehifadhi chombo na daftari lake ndiye hushika kalamu ya historia. Aliyeuza vyake kwa kilo hubaki kusimuliwa na wengine habari zake mwenyewe.

Basi walimu wenzangu, tutazame nyumbani. Katika stoo za shule zetu kuna cherehani, darubini na mitambo ya maabara iliyofunikwa vumbi kwa kukosa skrubu moja. Ni nani anayejua vilinunuliwa lini, na nani, na viliharibikaje? Mwanafunzi akipewa kifaa kimoja tu akifungue, achore sehemu zake, akitengeneze na kuandika alilofanya, atajifunza fizikia, historia na uadilifu kwa pamoja. Tukimpeleka karakana yule aliyeshindwa masomo tu, twamfunza kwamba mikono ni adhabu.

Wala tusidhani kwamba somo hili ni la wavulana. Nick Grace alifariki katika ajali ya gari mwaka 1988. Carolyn, mjane mwenye watoto wawili wadogo, angeweza kuiuza ndege ile, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alijifunza kuiongoza, na mwaka 1990 akairusha peke yake. Aliitunza kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi naye alipofikwa na mauti barabarani nchini Australia mwaka 2022. Mwanawe wa kiume naye ni rubani wa Spitfire.

Lakini siku ninayoipenda zaidi katika daftari la ML407 ni tarehe 29 Aprili, 1994. Siku hiyo Jackie Moggridge aliruka tena katika ndege aliyoifikisha kikosini miaka 50 kamili kabla, akiwa pamoja na Carolyn. Bibi yule hakuhitaji kuthibitisha kwamba aliwahi kuigusa. Ilikuwa imeandikwa.

Je, mjukuu wetu atakapouliza habari za tulichokuwa nacho, tutamfungulia daftari gani?