Karai Jeusi Siyo Karai Chafu, Muacheni Dada wa Kazi

Haya wadau, wiki hii nimetumiwa klipu moja na watu kama saba tofauti, kila mmoja ananiuliza "umeiona hii?" Nimeiona jamani. Jina la mwenye nyumba silitaji na msihangaike kubahatisha, maana leo siongelei maisha yake, naongelea karai lake.

Kwa ambao haijawafikia: dada mmoja mwenye jina kubwa hapa mjini yuko kwenye jiko lake la kisasa, marumaru zinameremeta. Mkononi kashika karai la Kichina, lile wenyewe wanaita woki, na katikati limeota kutu ya rangi ya machungwa. Anamwita dada wa kazi mbele ya kamera, anamuuliza kwa nini kaliharibu. Binti wa watu anajibu kwa sauti ndogo, "Dada, si ulisema nilisugue mpaka ling'ae?" Basi. Akaambiwa hela ya karai itakatwa kwenye mshahara wake. Chini ya klipu watu wamejaza vicheko.

Mimi sijaona cha kuchekesha. Yule binti kafanya alichoagizwa, na alichoagizwa ndicho kilicholiua lile karai. Kama kuna mtu wa kulilipa basi ni aliyelinunua bila kujua kanunua nini, halafu akatoa amri.

Tuongee ukweli, sisi tumelelewa hivi: sufuria nyeusi ni aibu. Mama mkwe akija, kabla hajaonja chakula anaangalia vyombo. Tumesugua kwa mchanga, tumesugua kwa majivu, sasa hivi tunasugua kwa stili waya, na mwanamke anayesifiwa ni yule ambaye sufuria zake unaweza kujitazamia kama kioo. Kwa sufuria ya aluminiamu sawa, haina neno. Tatizo ni kwamba tumeichukua sheria hiyo hiyo tukaihamishia kwenye chombo ambacho hakiitaki kabisa.

Karai la woki la asili ni la chuma cha kaboni. Usiogope jina. Karibu lote ni chuma tupu, na kaboni iliyochanganywa humo haifiki hata asilimia 2. Halina ile kromiamu inayofanya vijiko vya stenlesi visipate kutu. Kwa hiyo likibaki uchi na maji yakaligusa, linaota kutu, tena haraka. Sisi wa Dar, Tanga na Zanzibar ndiyo kabisa, hewa yenyewe ina unyevu na chumvi.

Kinacholilinda ni ule weusi. Ukipaka chuma mafuta kidogo sana halafu ukakiweka kwenye moto mkali, yale mafuta yanabadilika, yanakuwa utando mgumu unaoshikana na chuma. Ukirudia mara nyingi, utando unaongezeka, unakuwa mweusi, unateleza, na chakula hakigandi. Siyo uchafu ule. Ule ndiyo nguo ya karai. Ukilisugua likang'aa umelivua nguo, halafu unashangaa limeugua. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Na msiseme hili ni jambo la Wachina peke yao. Kile kikaango cha chuma cha chapati cha nyumbani kwenu, cheusi tii, ambacho bibi anamgombeza mtu akikitia stili waya, ni hadithi ile ile. Chapati ya kwanza kwenye kikaango kipya inashika mpaka unataka kulia. Kikishazoea moto na mafuta, chapati inateleza yenyewe. Bibi hajaenda chuo chochote lakini hili alilijua. Hata neno karai lenyewe limetufikia kutoka Uhindi, na neno woki ni la Kikantoni, lugha ya watu wa Guangdong na Hong Kong. Vyombo ni ndugu.

Sasa kama na wewe umeona klipu ukatamani karai, sikatai, ni chombo kitamu sana. Ila nunua kwa akili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huko mitandaoni vinajitembeza kweli.

Kwanza, nenda na sumaku ndogo. Ikikataa kushika, hilo siyo chuma cha kaboni. Ikishika, bado usilipe, angalia ndani. Karai la chuma cha kaboni likiwa jipya lina rangi ya kijivu na limepakwa mafuta ya kuzuia kutu, au limechomwa kiwandani likawa na rangi ya bluu iliyokolea. Ukiona rangi nyeusi laini kama imepulizwa, au madoadoa ya kuiga jiwe, na muuzaji anakwambia halishiki hata bila mafuta, hilo limepakwa dawa ya kutogandisha. Dawa hiyo mara nyingi ni jamii ya Teflon, ambayo iligunduliwa mwaka 1938 huko Marekani. Kwa moto wa kawaida na mayai yako ya asubuhi haina shida. Lakini ikipita nyuzi joto 260 hivi inaanza kuharibika, na karai la woki kazi yake ni moto mkali. Kununua woki yenye dawa ni sawa na kununua viatu vya mpira ukacheze juu ya makaa.

Pili, unene. Milimita moja na nusu mpaka mbili inatosha. Jembamba kuliko hapo linapinda na kuunguza sehemu moja, nene sana hutalinyanyua. Lishike kwa mkono mmoja hapo hapo dukani kama unarusha chakula. Ukiona mkono unatetemeka likiwa tupu, likijaa wali itakuwaje?

Tatu, kitako kiendane na jiko lako. Hapa ndipo wengi mnapigwa. Kitako cha mviringo kinakaa vizuri kwenye jiko la mkaa, moto unalikumbatia kila upande. Kwenye jiko la gesi la pleti mbili litayumba, labda upate kile kipete cha chuma cha kulishikilia. Jiko la umeme lenye sahani bapa linataka kitako bapa. Na wale wenzangu wa mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu, tafadhali, msiweke karai pana lenye mafuta ya moto juu ya kitu kinachotikisika, hasa kama kuna watoto. Chukueni dogo la sentimita 28 au 30, kitako bapa. Familia ya watu wanne au watano, sentimita 35 hivi inatosha.

Nne, mpini. Wa mbao au wa chuma, uliofungwa kwa ribiti au kuchomelewa vizuri. Wa plastiki uache, utakuyeyukia.

Umefika nalo nyumbani. Usipike. Lioshe kwa maji ya moto, sabuni na stili waya mpaka yale mafuta ya kiwandani yatoke. Hii ndiyo mara pekee stili waya inaruhusiwa kwenye karai zima. Likaushe juu ya moto. Fungua madirisha au toka nje kabisa, maana moshi utakuwepo. Liache kwenye moto mkali, uligeuze upande huu na huu, utaona chuma kinabadilika rangi, kinakuwa kahawia kisha bluu. Usiogope, ni sawa. Punguza moto, chukua kitambaa kikavu, tia mafuta ya alizeti kidogo sana, paka ndani na nje, halafu futa kama vile umekosea kupaka. Mafuta yakiwa mengi yanakuwa ulimbo. Rudisha kwenye moto mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu, nne, tano. Wachina wengi wakimaliza hapo wanakaanga tangawizi na majani ya vitunguu, kisha wanayatupa. Mimi naita kazi hii kulikomaza karai. Inakula kama saa moja hivi ya maisha yako. Ni chini ya muda unaotumia kuangalia klipu za watu.

Baada ya hapo, kila siku ni hivi: ukimaliza kupika, maji ya moto na sponji laini. Sabuni kidogo ya maji haiui karai lililokomaa, msitishane. Usiliache limelowekwa, usiliache na chakula mpaka asubuhi. Lirudishe motoni likauke kabisa, pitisha tone la mafuta, tundika. Dakika mbili tu. Kutu ikitokea siyo msiba, sugua pale penye kutu, kausha, komaza upya. Lile la kwenye klipu lingepona jioni ile ile, bila kumkata mtu mshahara.

Niwaambie na ubaya wake, maana mastaa hawawaambii. Chakula chetu sisi kinaanza na nyanya. Rosti nyanya, mchuzi nyanya, maharage nyanya. Nyanya, ndimu, ukwaju na siki vina asidi, na vikichemka muda mrefu vinaula ule utando, na chakula kinapata ladha ya chuma. Kwa hiyo karai hili siyo la mchuzi. Tumia sufuria yako ya kawaida. Karai hili ni la wali wa kukaanga, mayai, dagaa, sambusa, maandazi, na mboga za majani za haraka. Kuna raha fulani ya kuitupia chainizi kwenye karai la moto, dakika mbili ikatoka bado kijani, siyo ile tunayoichemsha mpaka inasahau jina lake. Wakantoni wana msemo wao, wok hei, yaani pumzi ya karai, ile harufu ya moto inayobaki kwenye chakula. Huipati kwenye karai la kung'aa.

Najua kuna watakaosema nina wivu na mtu aliyefanikiwa. Mwingine atasema, "Si angeuliza kabla ya kusugua?" Angemuuliza nani? Bosi mwenyewe hakujua, ndiyo maana akaagiza liwe jeupe. Na hebu tuwe wakweli, ni nyumba ngapi hapa mjini ambapo dada wa kazi anaweza kumwambia bosi wake "hapana, hili halisuguliwi" na asiitwe mjuaji? Binti ametoka kwao, anajua vyombo vya kwao, anaingia kwenye jiko lenye kila dude la kwenye intaneti, hakuna hata aliyemuelekeza kimoja. Kikiharibika analipa yeye. Mwaka mzima wa mshahara wake ukijumlisha, pengine haufiki bei ya friji iliyopo nyuma yake kwenye ile klipu.

Hapo ndipo linapoacha kuwa jambo la karai. Tunanunua vitu kwa ajili ya picha, halafu kazi ya kuvitunza tunamuachia mtu ambaye hatujamfundisha, hatumsikilizi, na hatumlipi vizuri. Kikipendeza, sifa zetu. Kikiharibika, kosa lake. Na siku hizi tumeongeza la tatu, tunamrekodi. Binti wa watu ana mama yake kijijini na yeye ana simu, na klipu zinafika kila mahali.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama unanunua karai la chuma cha kaboni, likomaze wewe, kwa mikono yako, mara ya kwanza. Pika nalo wewe kama wiki mbili hivi. Ukishalielewa, msimame jikoni wewe na dada, umuonyeshe, na umwambie kwa mdomo wako kwamba likiwa jeusi nitafurahi. Likipata kutu, mlisugue na kulikomaza pamoja. Kama huna muda huo haina shida hata kidogo, nunua sufuria ya aluminiamu, mpe stili waya, ataing'arisha na wote mtaishi kwa amani.

Na wewe mwenye klipu, kama unasoma, ile hela usimkate.

Wadau niambieni hapo chini: kwenu nani alikuwa hairuhusiwi kugusiwa kikaango chake cha chapati, na mlipokisugua ilikuwaje?