Kitambi si Cheo: Adui Aliyejificha Ndani ya Ini

Tarehe 30 Septemba 2025 majenerali na maamiri wa Marekani, mamia kadhaa kwa idadi, waliitwa kutoka vituo vyao vya mbali wakakusanyika Quantico, katika jimbo la Virginia. Huko kiongozi wa wizara yao ya ulinzi, Pete Hegseth, aliwaambia waziwazi kwamba haikubaliki kuwaona majenerali wanene katika makao makuu ya jeshi, na kwamba kila mwanajeshi, awe mdogo au mkubwa wa cheo, atapimwa uzito na nguvu za mwili mara mbili kwa mwaka.

Magazeti ya dunia yalishughulika zaidi na siasa za mkutano ule. Sisi twataka kushika jambo moja tu. Jeshi lenye fedha nyingi kuliko majeshi yote limelazimika kuzungumza hadharani juu ya matumbo ya makamanda wake. Lakini lililosemwa zaidi pale ni sura ya askari na nidhamu yake. Lililo zito zaidi halikusemwa: sare iliyobana fundi cherehani aweza kuipanua, ila ini lililojaa mafuta halina fundi wa namna hiyo.

Ini hukaa chini ya mbavu za kulia, nalo lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ndilo ghala la mwili na ndilo karakana yake. Huhifadhi sukari, huchuja sumu, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, na hutoa vitu vinavyogandisha damu mtu ajeruhiwapo. Mtu anapokula kuliko anavyotumia, ziada hugeuzwa mafuta. Mafuta hayo yakikosa nafasi mahali pake pa kawaida, huingia katika ini lenyewe. Yakizidi sehemu 5 katika kila 100 za ini, waganga husema ugonjwa umeanza.

Mwaka 1980 mganga Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalifanana na ya walevi, ilhali hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi yao walikuwa na kisukari. Leo inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao 3 katika kila 10 duniani wana mafuta katika ini. Mwaka 2023 vyama vya waganga wa maini viliubadili jina ugonjwa huu, ili jina lenyewe litaje chanzo chake: mwili ulioshindwa kutumia chakula chake sawasawa. Ndiyo maana ugonjwa huu huandamana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Na wengi wenye mafuta katika ini huuawa na moyo kabla ya ini lenyewe.

Ubaya wa adui huyu ni ukimya wake. Hana maumivu, hana homa. Kwa miaka mingi mtu hufanya kazi, hucheka na hulala vizuri. Baadhi ya wagonjwa, ingawa si wote, ini lao huvimba ndani kwa ndani. Palipovimba hujenga kovu, na makovu yakienea ini hukauka likawa gumu. Hapo ndipo macho huwa ya manjano, tumbo hujaa maji, na mgonjwa aweza kutapika damu. Wengine hupata saratani. Askari yeyote ajua kwamba adui aliyegunduliwa akiwa tayari ndani ya kambi ni vigumu kumfukuza.

Je, yachukua muda gani kuliumiza ini? Wachunguzi wa Linköping, nchini Uswidi, walitoa jibu mwaka 2008. Waliwachukua vijana 18 wenye afya njema, wakawalisha milo miwili kila siku ya vyakula vya haraka vya madukani, na kuwaamuru wasitembee zaidi ya hatua 5,000 kwa siku. Baada ya wiki nne walikuwa wamenenepa zaidi ya kilo 6 kwa wastani, na damu ya walio wengi ilionyesha kuwa ini limeanza kuumia. Wiki nne tu, tena kwa vijana!

Tuitazame sasa nchi yetu. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapa takwimu za nchi 168, na Uganda ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu wake wanautumia mwili kuliko wote duniani: ni watu wazima wapatao 6 tu katika kila 100 waliokosa mazoezi ya kutosha. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yafaa tuulize ni ya nani. Ni ya mkulima na jembe lake, na ya mama abebaye maji. Si ya ofisa anayetoka kitandani kuingia garini, na kutoka garini kukalia kiti mpaka jioni.

Askari wengi wametoka katika jembe. Wakiwa kuruta walikimbia alfajiri, wakala posho na maharagwe, na miili yao ikakaza. Kisha vyeo vikaja, na kadiri vyeo vilivyopanda, ndivyo kazi ya miguu ilivyopungua. Chakula hakikupungua, kiliongezwa chapati za mayai, nyama ya kuchoma, soda na bia. Jamii nayo hukisifu kitambi kuwa dalili ya neema. Hatuna budi kuikataa sifa hiyo. Kitambi si cheo, wala hakuna nishani iliyowahi kutolewa kwa ajili yake.

Kwetu kuna maadui wawili zaidi. Wa kwanza ni pombe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016, kila Mganda mwenye umri wa miaka 15 na zaidi alikunywa kwa wastani lita 9.5 za kilevi halisi kwa mwaka, ilhali wastani wa kanda ya Afrika ulikuwa lita 6.3. Pombe juu ya unene ni kama petroli juu ya makaa. Wa pili ni homa ya ini ya aina ya B. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wapimwe, na wasio nayo wachanjwe.

Zipo dawa mpya. Marekani iliidhinisha resmetirom mwezi Machi 2024, na mwezi Agosti 2025 ikaidhinisha semaglutide kwa ugonjwa huu. Lakini dawa hizo ni ghali mno, zimekusudiwa wale ambao ini lao limekwisha kupata makovu, na hata hao huamriwa kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Wauzao mitishamba ya "kusafisha ini" wasisadikiwe. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe.

Tiba iliyo karibu haina bei. Mtu wa kilo 100 akipunguza kilo 5, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza 7 hadi 10, uvimbe hutulia na hata makovu yaweza kurudi nyuma. Apunguze polepole: aache soda, apunguze mafuta ya kukaangia, atembee kwa haraka dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Wala kiwanja si sharti. Aprili 2020, wakati wa marufuku ya UVIKO-19, Rais Museveni alionyesha mazoezi yake akiwa ndani ya ofisi.

Kila askari na ajikague leo. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako, uikunje katikati, kisha uzungushe kiunoni, juu ya nyonga, si chini ya kitambi. Ikiwa ncha hazikutani, nenda kwa mganga akupime damu, sukari na ini. Makamanda nao wawe wa kwanza kushika kamba hiyo, kwa maana askari hufuata mfano kabla ya kufuata amri.