Mnara wa Aibu Nao Uhifadhiwe

Katika mtaa wa Kieler mjini Berlin, kando ya mfereji wa meli, ungali umesimama mnara wa zege uliokuwa kituo cha askari wa mpakani. Nyumba za makazi zimeuzunguka, hata mpita njia aweza kuudhania kuwa ghala. Kumbe ni shahidi.

Tarehe 13 Agosti, 1961, serikali ya Ujerumani ya Mashariki iliizingira Berlin ya Magharibi ili kuwazuia raia wake wasihame. Ukuta uliojengwa ulifikia urefu wa kilometa 155 hivi, na mwaka 1989 ulilindwa na minara 302. Watu wasiopungua 140 waliuawa au kufa hapo.

Siku 11 tu baada ya mpaka kufungwa, Günter Litfin, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 24, alipigwa risasi akiogelea katika bandari ya Humboldt. Ukuta ulipoanguka mwaka 1989, umma uliokuwa na furaha haukuwa na haja ya minara, na karibu yote ikabomolewa. Mdogo wa marehemu, Jürgen Litfin, aliona vingine. Aliupigania mnara wa Kieler, ulio karibu na mahali nduguye alipouawa, na mwaka 2003 akaufungua uwe ukumbusho.

Wapo wanaodai kwamba jengo la aibu halistahili kugharimiwa. Dai hilo ni la kukataliwa. Taifa linalohifadhi majumba ya fahari peke yake hujifundisha nusu ya historia yake. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Mtumishi wa umma anayo sababu yake ya kuukumbuka mnara huo. Waliokesha ndani yake hawakuwa mashetani; walikuwa vijana waliovaa sare, wakapokea zamu na kutii amri. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 mahakama za Ujerumani ziliwatia hatiani baadhi ya askari waliowapiga risasi watoro wasio na silaha. Amri ya mkubwa haikutosha kuwa kinga.

Kwa mwalimu, mnara huo ni somo kamili. Mwanafunzi akiambiwa kwamba dola iliwahi kuwafungia raia wake, huenda asisadiki. Akionyeshwa dirisha ambamo bunduki ilielekezwa, hatauliza tena kama ni kweli. Atauliza ilikuwaje watu wakakubali. Swali hilo ndilo linalostahili kuhifadhiwa.